Kitufe cha Mama Muema

Mwaka wa tisini na saba Mzee Omar alileta kompyuta kwenye duka lake la vyakula vya mifugo pale Gitothua, Ruiru. Akanipa wiki moja niizoee.

"Mama Muema, ikikushinda, nitaandika msichana aliyeisomea."

Nilikuwa nimemfanyia kazi ya keshia tangu duka lilipofunguliwa, na alisema hivyo bila kupepesa macho. Niliumia, sitaficha.

Programu iliandikwa na Tahir, kijana wa Thika, hodari na mwenye maringo kidogo. Kwake ilifanya kazi. Kwangu, kitufe cha kuhifadhi mauzo hakikuwepo. Naandika gunia la pumba, naandika bei, kisha natafuta mahali pa kubonyeza, hakuna.

"Uliguza nini?" Tahir akaniuliza.

"Niliongeza ukubwa wa herufi. Haya macho si ya shule tena."

"Si urudishe ndogo tu, shida iishe."

"Zii! Nikirudisha sioni kitu. Kwani hii program uliniandikia mimi ama ulijiandikia?"

Akavuta kiti, akaanza kupekua kazi yake mstari kwa mstari. Chai yake ilipoa. Mwishowe akajipiga paji la uso.

"Woi, ni mimi. Screen ni nukta tupu, mama. Kwangu inchi moja ni nukta tisini na sita. Ukiongeza herufi, inchi inakuwa nukta mia moja na ishirini. Mimi nilipanga kila kitu na inchi nikidhani screen zote ni kama yangu. Yako ikajaa mapema, kitufe kikabaki nje."

"Si ungeuliza?"

"Kompyuta yenyewe inajua. Nitafanya program iiulize kwanza inchi yake ni nukta ngapi."

Akafuta ile tisini na sita yake kila ilipokuwa. Programu ilipofunguka tena, kitufe kilikuwa pale chini, kipana kama mkate. Nilifurahi hadi nikamwagizia soda.

Mzee Omar akaja kukagua. Nikamuuzia mteja gunia mbele yake, nikabonyeza. Yeye, akiwa bado mlangoni, akasoma kwa sauti kutoka kwenye screen jina la mteja, pumba, bei, kila kitu. Halafu akanisogelea na kuninong'oneza, Tahir asisikie.

"Ile kompyuta ya ofisini kwangu pia iwekwe herufi kubwa hivi. Tangu iletwe sijasoma hata neno moja."

"Nitakuwekea mimi mwenyewe, mzee," nikamwambia. "Twende nikuonyeshe."