Vinyweleo vya Tairi

Fundi tairi waliyemwita Upepo alikuwa na kigoda kimoja tu dukani mwake. Alipomwona mama aliyepita umri wa makamo amesimama mlangoni, jicho moja limefungwa bandeji, aliinuka akakipangusa kile kigoda kwa shati lake mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Keti hapa, hapana grisi."

"Marahaba, baba. Mungu akuongezee."

Mama akakaa, akapakata mfuko wake wa nguo. Siku hiyo alikuwa anarudi nyumbani kwake mlimani, baada ya kukaa mjini kwa mwanawe ili atolewe mtoto wa jicho. Angeweza kupanda gari tangu asubuhi. Lakini mwanawe, ambaye rafiki zake wote walimwita Kapteni, alikuwa anakwenda kubadilisha tairi za pikipiki, na mama akaomba wafuatane. Alitaka azishike kwa mkono wake tairi zitakazomleta mwanawe nyumbani.

Maana shida yote, kama alivyoelezwa, ilikuwa ni tairi. Kapteni aliponunua ile pikipiki kubwa ya safari, yenye masanduku ya bati ubavuni na vyuma vya kukinga injini, alimpigia simu siku hiyohiyo. "Mama, sasa sina kisingizio. Hii inapita lami, inapita mawe, inapita mtoni. Kila mwisho wa mwezi nipo hapo, mpaka unichoke!"

Mama akachukua jembe. Kijia cha kutoka barabarani hadi mlangoni kwake kilikuwa cha mtu na mbuzi wake. Akakipanua mpaka masanduku mawili yaweze kupita bila kugusa ua. Penye kijito alipanga mawe, na jirani yake, mjane mwenye mgongo mbovu, akaja kumsaidia kuyabeba bila kuitwa. Wakaubomoa ukuta mmoja wa banda la kuku ili chombo kipate pa kulala. Kuku wakahamia jikoni.

Mvua zikaja, zikapita, Kapteni hakuonekana. Alipiga simu akasema amefika mpaka kijitoni, tairi zikateleza, akageuza. Safari nyingine alisema ameishia kwenye changarawe chini ya mlima. "Tairi zimenisaliti, mama. Nikipata mpya, utaona." Mama alimpa pole ya uchovu, kisha akaenda kijitoni kuongeza mawe.

Sasa Kapteni aliingia dukani na koti lake la mikanda, glavu, na buti za kufika magotini. Upepo akamtazama juu mpaka chini.

"Bwana mkubwa, leo ni vita au harusi?"

"Leo ni tairi, fundi. Acha maneno."

"Tairi ni kama viatu. Huendi shambani na ndara, wala hulali na buti. Nambie kwanza njia zako. Safari zako ukizigawa, lami ni ngapi, na vumbi na matope ni ngapi?"

Kapteni alimtupia mama yake jicho. "Nusu kwa nusu. Kazini lami, kwa mama mlimani."

"Basi vizuri." Upepo alifungua gurudumu la nyuma, akaliviringisha mpaka miguuni pa mama, akaliegemeza ukutani. Kisha akaanza kuteremsha tairi mpya kutoka kwenye vyuma vya juu. Aliangusha moja yenye meno makubwa, yameachana kama ya kibogoyo anayeota upya. "Hii matope inayatafuna." Akaleta na nyingine, laini, ina mifereji myembamba tu ya kutolea maji. "Na hii ni bibi harusi wa lami. Ukiitia kwenye udongo uliolowa, umelala chini na masanduku yako. Ipo na ya katikati, inajua huku kidogo na huku kidogo, ila ngoja niitafute."

Wakati anatafuta, mkono wa mama ulikuwa juu ya tairi kuukuu. Mkono huo ulikuwa umechambua mbegu miaka yote, hauhitaji macho. Katikati ya tairi palikuwa pamelika, pamekuwa bapa. Pembeni akagusa kitu kama nywele. Nyingi, fupi, laini.

"Baba, hivi vinyweleo ni vya nini?"

"Aa, hivyo? Tairi inazaliwa navyo kiwandani, mama, kama mtoto mchanga. Ikiingia kwenye mawe siku moja tu, vinanyolewa vyote." Upepo akainama, akaangalia, akacheka. "Lo! Hii imekula lami tupu. Pembeni haijaguswa! Kapteni, kumbe wewe ni simba wa sebuleni!"

Hakuna aliyecheka naye. Kapteni alikuwa anafunga na kufungua mkanda wa glavu. Upepo alimtazama, akamtazama mama, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Ingawa," alisema polepole, "zipo nyingine ngumu sana. Zinapita mawe, na vinyweleo visitoke. Nimewahi kuziona, mimi."

Mama akamgeukia. Mtu asiyemjua kwao wala ukoo wake alikuwa anatoka jasho kwa kumdanganya, ili tu asiumie. Mwanawe mwenyewe alimdanganya ili asisumbuliwe.

"Asante, baba," alisema, na Upepo akainamisha kichwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Kapteni haikuwa imefika hata lami inapoishia.

"Nipe za meno!" Kapteni alisema kwa sauti kubwa kuliko duka. "Zile kubwa kabisa. Mwezi huuhuu nakuja, mama. Naapa."

"Usiape." Mama akamuuliza Upepo, "Hizo za meno, mvua ikinyesha huku kwenye lami, zinashikaje?"

Upepo alisita. "Hazishiki kama za lami, mama. Gari likikata ghafla mbele yako, utateleza kabla ya kusimama."

"Na mvua za huku?"

"Zimeshaanza."

"Basi mwekee za lami."

"Mama!" Kapteni alichuchumaa mbele yake. "Sasa mlimani nitakujaje?"

"Kama ulivyokuja siku zote."

"Nilikuwa nakusudia," Kapteni alisema. "Wallahi nilikusudia. Ila wiki ikiisha mtu unakuwa huna nguvu."

"Ungesema umechoka, mwanangu. Uchovu naujua." Akamnyooshea kola ya koti, kama alivyomnyooshea ya shati la shule. "Kuku wangu wanalala jikoni tangu ununue hii pikipiki."

Upepo alifunga zile tairi laini bila mzaha hata mmoja. Alipomaliza, alifunga duka, akaubeba mfuko wa mama mpaka stendi, akamsihi dereva amkalishe mbele asirushwerushwe.

Jirani alikuwa anamngoja kijitoni, amesimama juu ya mawe yao.

"Enhe, Kapteni amepata tairi?"

"Amepata. Nzuri sana. Nimemchagulia mwenyewe."

"Basi anakuja!"

Mama aliushika mkono wake wavuke pamoja. "Mgongo unaendeleaje, dada? Nisamehe kwa yale mawe."

Wiki hiyo aliusimamisha upya ukuta wa banda, akawarudisha kuku wake. Kisha akapanda maboga pande zote mbili za njia, akaacha nafasi ya mtu na mbuzi wake.

Yalikuwa yameshatambaa Kapteni alipopiga simu, anahema. "Mama, leo gari limenikatia mbele, lami yote maji. Nimefunga breki, pikipiki imesimama wima! Tairi zako zimeniokoa."

Mama akakaa chini palepale. Alimshukuru Mungu kwa sauti, tena na tena.

"Na njia ya huko siku hizi ikoje, mama?"

"Imejaa maboga," alisema.