Magimbi Uwanjani kwa Onyekwere

Gimbi la tano liliponyofoka likiwa limeoza kama la nne, Mgbafor alilitupa mtaroni na kutoa tusi ambalo mjane wa kanisani hapaswi hata kulijua. Udongo ulikuwa mweusi, unateleza, unanuka muhogo uliochacha. Alifukua mpaka mkono ukazama kiwikoni. Hata nyungunyungu mmoja hakumwona. Ardhi isiyo na nyungunyungu ni ya nini, jamani?

Na maji yalikuwa yanateremka vilevile, meupe, kutoka kwa shemeji yake. Huko juu Onyekwere alikuwa na mashine ya kukuna muhogo na jeki tatu za kukamulia. Kijiji kizima kilipeleka magunia kwake kabla ya kukaanga garri, chenga za muhogo. Kila gunia lililobanwa lilitoa maji, na maji yote yalikuja kulala shambani kwa Mgbafor.

Hasira yake haikuwa ya magimbi tu. Kipande kile alipewa na ukoo alipoolewa, na mumewe alipokufa kilibaki mkononi mwake kwa sharti moja: alime. Misimu miwili ikipita hajavuna kitu, kinarudi kwa wanaume wa ukoo, na mwanamume wa karibu alikuwa huyohuyo Onyekwere. Msimu mmoja ulikuwa umeshakwenda. Wiki ile alikuja kukipima kwa hatua, mchana kweupe, huku akisema pale patafaa banda la kukaangia.

"Ananiua polepole, halafu anakuja kupima kaburi," Mgbafor alimwambia Oyiridiya, mwenzake wa kukaanga.

"Basi tukamkalie."

Kumkalia mwanamume si mchezo. Wanawake huja na michi yao, huketi uwanjani kwake na kuimba aibu zake moja baada ya nyingine, wala hawabanduki mpaka akiri kosa. Asubuhi ya Eke, siku ya soko, walifika thelathini. Waliimba ubahili wake, wakaimba tumbo lake, wakaimba alivyolia siku ya kung'olewa jino. Onyekwere akatoka na singlendi, anacheka.

"Mke wetu, umeniletea harusi?"

"Nimekuja kwa ajili ya maji yako!"

"Yangu?" Akawageukia wengine. "Mama zangu, mimi nina shamba la muhogo? Oyiridiya, juzi magunia manne yalikuwa ya nani? Haya, nizime mashine, mkakune kwa mikono. Nizime?"

Wimbo ukakatika. Mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutafuta kandambili zake.

"Na huo mtaro nani aliniomba niuchimbe? Mke wetu, hebu waambie."

Mgbafor alihisi uso unamwaka. Ilikuwa kweli. Miaka mitatu nyuma, katika kiangazi cha vumbi, alikwenda mwenyewe kuomba maji yale yaelekezwe kwake. Yalikuwa mazito, meupe kama maziwa, akadhani kinacholisha watu kitalisha na ardhi. Mpumbavu gani! Nani pale hakujua kwamba maji hayo yakimwagwa njiani yanaua magugu? Yeye mwenyewe aliyamwaga nyuma ya choo kwa kazi hiyohiyo.

"Niliomba," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilikuwa mjinga. Na mwaka jana nilipokuja kukupigia magoti uchimbe shimo, uyazuie, ulisemaje?"

Onyekwere akajikuna shingo. "Nilisema nitaangalia."

"Umeangalia mpaka ardhi yangu imekufa, sasa unaipima! Mjinga ni mimi, sawa. Lakini mwizi ni wewe."

Hakungoja jibu. Alikwenda nyumbani mbio, akarudi na jembe na kikapu cha mbegu za magimbi, mbegu zake za mwisho. Akaanza kulima palepale uwanjani, kwenye udongo mzuri mwekundu, mbele ya mlango wa mashine ambapo malori hugeuzia.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Nalima. Sharti si nilime? Uwanja huu ni wa ukoo, na ukoo haukusema nilime wapi."

Oyiridiya alikuwa ameinamisha kichwa tangu yatajwe magunia. Sasa akainuka. "Manne yale yalikuwa yangu," akasema, akachukua mchi wake na kuanza kutoboa mashimo. Aliyekuwa akitafuta kandambili akaziacha. Kufumba na kufumbua michi thelathini ilikuwa inatwanga uwanja wa Onyekwere, na Mgbafor akipita nyuma ya wenzake anatia mbegu na kufukia.

Onyekwere aliinama, akapeleka mkono kwenye mbegu ya kwanza iliyofukiwa. Michi ikasimama yote kwa pamoja. Kilichopandwa na mwingine haking'olewi kabla hakijakomaa. Afanyaye hivyo amemchafua Ala, mungu wa ardhi, na hilo hata wazee wa kanisa hawalichezei. Akauondoa mkono na kuufuta kwenye singlendi.

Nje lori lilipiga honi. Lilikuwa limekuja kuchukua garri.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Novemba. Anza na shimo la maji. Tukishavuna, ndipo tutazungumza habari za njia."

Honi ikalia tena. Onyekwere alitoka nje kumwambia dereva ageuze arudi alikotoka. Mgbafor hakuinua kichwa kumtazama. Hasira ilikuwa haijamwisha, na mbegu zilikuwa bado nusu kikapu.