Mkwe Ndani ya Mnara

Tangu aoe, Bwana Harusi hakuwahi kumkatalia baba mkwe wake neno hata moja. Ndoa ilikuwa na miezi saba, na wenzake kiwandani hawajachoka kumwita kwa jina hilo. Walijua fika kwamba mbele ya mzee yule ulimi wake huwa mzito. Akikaribishwa kiti kibovu, anakaa. Akiongezewa chakula naye ameshiba, anakula mpaka jasho linamtoka. Adabu ya namna hiyo inapendeza sebuleni. Asubuhi ile hawakuwa sebuleni.

Alikuwa juu ya mnara wa kusafishia dizeli, amepiga magoti kando ya mlango wa duara ambao mtu mnene hapiti. Mita kumi na mbili chini, ndani ya giza la mnara, alikuwamo baba mkwe mwenyewe, taa kichwani, mtaimbo mkononi.

Mnara wa aina hiyo hujazwa punje nyeusi, ndogo kama mchele, ambazo mafundi huziita kichocheo. Dizeli hupita katikati yake na kutolewa salfa. Baada ya miaka mitatu hivi punje hupakwa masizi, zikachoka. Hapo hufyonzwa kwa bomba, hupelekwa kwenye tanuri, masizi yakaunguzwa polepole kwa hewa ya kupimwa, kisha hurudi kazini kama mpya. Kasheshe iko kwenye kuzitoa. Punje zilizochoka zikikutana na hewa hushika moto zenyewe, kwa hiyo mnara hujazwa naitrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta pumzi mbili tatu, basi tena. Anayeingia hufungiwa kofia nzito yenye redio na mpira wa kumletea hewa, na mwilini mikanda iliyounganishwa na kamba ya winchi, mashine ya kumvuta juu. Aliyeko mlangoni ana skrini ya kumtazama aliye ndani, redio na kitufe cha winchi. Na kwa sheria ya kazi, wa mlangoni ndiye mkubwa. Akisema toka, hata mkurugenzi anatoka.

Aliyeandika sheria hiyo bila shaka hakuwa na mkwe.

Siku hiyo mlinzi wa mlango aliamka na homa, msimamizi akatazama orodha, akamwita Bwana Harusi. Angeweza kukataa. Akaona haya kusema kwa nini.

Kwa saa nzima mambo yalikwenda vizuri. Kisha mzee akafika mahali ambapo punje zilikuwa zimegandamana zikawa kama jiwe. Akachimba kwa mtaimbo, bomba likafyonza, na nyuma yake ukabaki ukuta mweusi. Ukuta kama huo hauruhusiwi kupita kiuno, kwa sababu ukimwangukia mtu humzika na mpira wake wa hewa. Kwenye skrini, ukuta ulikuwa umefika mabegani mwa mzee.

"Baba," Bwana Harusi aliita redioni, "naona huo ukuta umekuwa mrefu."

"Nauona, mwanangu. Bado kidogo."

Redio ile husikika kwa wote. Fundi wa bomba, aliyekuwa hatua chache tu pale juu, akacheka. "Bwana Harusi, muulize basi kama anahitaji maji ya kunawa!"

Bwana Harusi hakucheka. Akatazama skrini, akaona mzee ameacha kuchimba. Amesimama tu. Anapumzika, alijiambia. Mtu mzima, miaka thelathini kwenye kazi hii, atakuwa anajua anachofanya. Lakini akaishika tena redio.

"Baba, naomba utoke kwanza."

Naomba! Mlangoni haombi mtu. Fundi wa bomba naye akageuka kumtazama, safari hii bila kicheko.

"Bado kidogo," mzee akajibu. Sauti ilikuwa nyembamba.

Kidole cha Bwana Harusi kilikuwa juu ya kitufe. Akibonyeza, atamning'iniza baba mkwe wake kama gunia mbele ya kikosi kizima, na habari itafika nyumbani kabla yake. Mama mkwe ataambiwa. Mkewe atamuuliza, hivi kweli baba yangu ulimfanya hivyo? Na asipobonyeza, mkewe ataulizia jambo jingine, nalo hakuthubutu kulimaliza kichwani. Saa ya pembeni mwa skrini ikahesabu dakika moja, ikahesabu ya pili. Mzee hajasogeza hata mguu.

Akapiga moyo konde, akabonyeza.

Kamba ikakaza. Mzee akanyanyuliwa wima, miguu ikielea, na redio ikalipuka. "Nani kakwambia uninyanyue? Nani? Mtoto huna adabu wewe!" Alitukana mita zote kumi na mbili. Alipotokeza mlangoni, kikosi kilikuwa kimeinamisha vichwa, na msimamizi alikuwa akichungulia skrini.

"Mbona ukuta umesimama vizuri tu?" msimamizi alisema. Akaenda kutafuta vyombo vya kuubomoa kutokea juu.

Bwana Harusi alimkalisha mzee mbali na mlango, akaizima redio ya kofia. Mzee akapeleka mikono kwenye vifungo vya kofia. Vidole vilitetemeka, vikateleza, vikashindwa kabisa. Bwana Harusi akavifungua yeye. Ndani ya kofia uso ulikuwa umelowa.

"Ukuta umepasuka," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nyuma yangu. Nilisikia punje zinamwagikia kisigino. Nikajua nikigeuka tu, umenifunika."

"Sasa baba, mbona ulikuwa unasema bado kidogo? Si ungeniambia tu nikuvute?"

Mzee akamtazama kama aliyeulizwa jambo lisilo na kichwa wala miguu.

"Watu wote wanasikia. Nimwambie mkwe wangu naogopa?"

Bwana Harusi akakaa chini kando yake.

"Nimekuacha mle, baba," alisema. "Niliuona ule ukuta, na kidole kilikuwa kwenye kitufe. Nimekuacha kwa sababu nilikuwa nakuonea haya."

Mzee akamshika mkono, na wala hakuuachia kikosi kilipogeuka kuwatazama.