Herufi za Mabaunsa

Katika karakana ya chapa kulikuwa na herufi zilizoitwa mabaunsa. Zilichongwa kwa mbao, nene, zimejaa kifua, na kila moja ilisimama juu ya visigino vya mraba vilivyokaribia unene wa mwili wake. Mpiga chapa alizitoa kwenye droo kukiwa na mnada, pambano la ngumi au duka linalofungwa. Kunong'ona hazikujua. Mtu aliye ng'ambo ya barabara alizisoma bila kukaza macho.

Mama wa mpiga chapa alipotoka nyumbani asubuhi na kandambili zisizofanana, asirudi, binti yake alizivuta hizo hizo. Kaka yake akamshika mkono.

"Mama si mnada, dada. Weka zile nyembamba. Watu watamcheka."

Kaka mtu alikuwa amewaficha majirani kwamba mama alishasahau hata majina ya wanawe. Mpiga chapa alitaka kubisha, lakini kaka ni kaka, na macho yake yalikuwa mekundu. Akapanga zile nyembamba. Tangazo likatoka na adabu zake: picha ndogo, gauni la bluu, namba ya simu. Wakalibandika mtaa mzima. Watu wakapita. Mvua ikanyesha hadi alfajiri, na simu ikakaa kimya kama maji mtungini.

Kulipokucha mpiga chapa hakumuuliza mtu. Alipanga AMEPOTEA kwa mabaunsa, neno moja likameza nusu ya karatasi, akavuta mkono wa mashine hadi bega likawaka moto. Kaka yake alimkuta kituo cha mabasi akibandika. Alichukua ndoo ya gundi, akamfuata.

Simu ililia gundi haijakauka. Aliyepiga alikuwa mfagiaji wa soko.

"Huyu mama jana jioni aliniuliza njia ya kwao. Karatasi ile nyingine niliipita jana hiyo hiyo alasiri, dada, nikadhani ni mambo ya harusi."

"Alielekea wapi?"

"Darajani. Kweli sikujua, dada yangu. Sikujua."

Walimkuta chini ya daraja, amejikunja, gauni limegandamana na matope. Mwili ulikuwa umeshapoa.

Kaka mtu aliketi pale pale kwenye maji.

"Sema," alimwambia. "Sema ni mimi."

Maneno yalikuwa yamemjaa mpiga chapa mdomoni. Akayameza, yakashuka kama mawe.

"Inuka umshike miguu," alisema. "Mimi nitashika kichwa."

Baada ya maziko alirudi mtaani na kisu na ndoo ya maji. Matangazo ya kwanza mvua ilikuwa imeshayala. Haya mengine yaling'ang'ania; alikwangua katikati ya herufi, visigino vikabaki ukutani. Mwanamke mmoja akasimama ng'ambo, akapaza sauti.

"Mama amepatikana?"

"Amepatikana."

"Afadhali! Msalimie sana!"

Mpiga chapa aliitikia kwa kichwa, akachovya kisu kwenye maji, akaendelea kukwangua.