Tonge Lililogoma Kushuka

...au ni hizi dawa za malaria alizomeza asubuhi, maana zina tabia ya kuacha uchungu nyuma ya ulimi, ndiyo, ni dawa tu, itakuwa nini tena, Yassir akajiambia, na tonge limemkaa shavuni kama mgeni asiyejua aingie chumba gani, ugali wa moto na kipande cha ngege, samaki wa ziwani, kilichotoka pale tumboni penye mafuta, pale pale alipozoea kuanzia tangu utotoni, na mama yake amesimama mbele yake na jagi la maji mkononi, uso ameuinua, anatabasamu, anangoja, "Tamu?" anauliza, "eh, wuoda, mwanangu, tamu?" na yeye anatikisa kichwa kukubali, mara mbili, kwa nguvu, halafu mama anauliza tena, "Mbona unaninyamazia? Ni tamu ama si tamu?" kana kwamba hakujibiwa, na Yassir ananguruma kitu kisicho ndiyo wala siyo, kwa pua, mdomo umejaa, anainamia sahani... dawa, ni dawa, Roseline alimcheka sana alipomwona anazimeza, Roseline anayemsaidia mama kuosha vyombo hapa hotelini, alisema yaani mtu wa Homa Bay ameze dawa ya malaria kama mzungu, mbu wa kwenu watakuonea haya, akacheka na bakuli zake mkononi... lakini jana pia alimeza, na jana aliposhuka jioni Roseline alimpa chai na mandazi na vilikuwa na utamu wake wa siku zote, sukari sukari, iliki iliki, kwa hiyo dawa si dawa, basi ni ulimi, ulimi umeharibika huko ulikotembezwa, ingawa ulimi huu ndio unaomlisha, ndio uliomtoa jikoni kwa meli ya watalii, alikokuwa akimenya kamba wa baharini, tani nzima kila kukicha, ukampa kazi ya kuwazungusha watu wanaosafiri kwa ajili ya tumbo, wapo watu wa namna hiyo, wanaacha friji zao zimejaa wanapanda ndege kwenda kula kwa wenzao, na yeye anawaongoza, Istanbul wakale samaki ndani ya mkate pale chini ya daraja, Napoli ambako wapishi hugombana juu ya unga kama wanaogombania shamba, Lima ambako samaki haoni moto kabisa, anaivishwa na ndimu tu, Penang na supu zake za kukutoa jasho masikioni, na kila mahali, wakishashiba, kuna mmoja ataegemea kiti na kumuuliza, haya Yassir, wewe uliyeonja kote, mji gani unaongoza duniani, na Yassir alikuwa anakunywa maji kwanza, kwa madoido, halafu anasema, Homa Bay. Wanacheka. Iko wapi hiyo? Na yeye anawaambia, iko kando ya ziwa, kuna mama mmoja ana hoteli ya meza chache, anapika ngege mzima, anamkaanga kidogo kisha anamrudisha kwenye nyanya na vitunguu na dania, na ukimla huyo utarudi kwenu uuze friji... chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walisema, na yeye amemtembeza mama yake dunia nzima, bara kwa bara, mpaka wageni wamekubali, wanafika kesho mchana, wale wale wa Lima na Penang, wakae kwenye viti hivi vya plastiki wamle huyu samaki, huyu huyu, mchungu.

Mchungu, hapo sasa, neno limeshajisema lenyewe, na uchungu wenyewe si wa chumvi iliyozidi wala wa kitunguu kilichoungua, hizo angezijua hata usingizini, huu ni uchungu wa kijani, unaoanza polepole halafu unashika koo na kukaa, na anaujua, anaujua kwa jina, ila hataki kuuita, maana alikoujulia ni Migori, nyuma ya duka la baba, kabla hawajahamia hapa Homa Bay, angali mdogo wa kubebeshwa karai, mama ameketi kwenye kigoda na kisu kifupi, samaki kwenye beseni, na anamwonyesha, tazama hapa, hiki kitu kidogo cha kijani hapa chini ya ini, hii ndiyo nyongo, unaishika kwa vidole viwili kama unashika yai la ndege, unaivuta taratibu, ikipasuka umeharibu samaki na umeharibu jina la mwenye nyumba... na ilipasuka, bila shaka ilipasuka, mkono wa mtoto, na mama hakupiga, hakuwa mpigaji, alipika samaki wote kama kawaida na jioni wakakaa mkekani, akaonja, akaweka tonge chini, akawatazama watoto wote mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Nani amepasua nyongo?" na Yassir akasema upesi, si mimi, hakuna aliyemtaja lakini akasema si mimi, na mama akamsogezea sahani, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria kwao mama, kisiwani Takawiri, na ndiyo ikawa sheria ya nyumba, aliyepasua nyongo ndiye anayemla samaki huyo, peke yake, mpaka mwiba, ili ulimi umkumbushe mkono... alilia na kula, alikula na kulia, na baba akamwonea huruma akataka kumsaidia, na mama akasema wacha, Abdullah, wacha ale, na baba akawacha, maana baba kwa habari ya samaki hakuwa na sauti, mtu wa Isiolo, mtu wa nyama na maziwa, alipofika Migori kufungua duka la nguo alikuwa anawaita samaki nyoka wa majini, akaapa hatawagusa, mpaka siku aliyokaribishwa na msichana wa kisiwani aitwaye Filister, ngege mzima kwenye sahani, akala kwa adabu ya mgeni, tonge moja, akamega jingine, akamaliza samaki, akaulizia mahari, ndivyo baba alivyopenda kusimulia, na Filister akasilimu akawa Asiya, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumba kwa sababu ndicho walichokutania katikati, na hata siku za mwisho, baba amelala hawezi kuinua kichwa, alikuwa anaomba mchuzi wa samaki yule, kijiko tu, anyonye. Samaki yule hakuwa mchungu. Au alikuwa? Hapo ndipo akili ya Yassir inapoanza kuteleza kama miguu kwenye matope, maana amekuwa mbali muda mrefu, na amemsifu samaki huyu kwa midomo mingi, jikoni, kwenye ndege, mahotelini, na kila alipomsifu alimwongezea utamu kidogo, mtu hujuaje, labda ni yeye aliyemtia utamu, labda ngege wa mama siku zote alikuwa na ukali fulani na watu wa hapa wanaupenda, si wanapenda osuga, si wanapika mboga chungu wakazilaza kwenye maziwa siku hata siku na uchungu bado umo na wanaita hiyo ndiyo mboga, kwa hiyo labda anayeonja vibaya ni yeye, ulimi wa wageni ndani ya mdomo wa mwenyeji... lo.

"Roseline!" mama anaita akiwa amegeuka nusu, "hebu lete ndimu, huyu amezoea ndimu za huko kwao," huko kwao, amesema, kana kwamba Yassir ana kwao pengine, na Roseline anajibu kutoka nyuma, "Ndimu iko hapo tu kwa meza, Mama Yassir, iko hapo mbele yako," na kweli ndimu ipo, imekatwa vipande, kwenye kisahani cheupe karibu na mkono wa mama, na mama anasema, "Ah, iko," lakini hamsogezei, mkono umebaki kwenye jagi... na hata hivyo uchungu si aibu, huko Chiang Mai, kaskazini ya Bangkok, wanasaga nyama wanaitia nyongo makusudi, makusudi kabisa, na wageni wake waliila wakafumba macho wakasema huu ndio ukweli wa mahali, basi kesho anaweza kusimama hapa na kuwaambia, mabibi na mabwana, hii ni nyongo ya ngege, siri ya kina mama wa ziwani, nao watafumba macho, watapiga picha, watasema ukweli wa mahali, na mama hatajua, na hakuna atakayeumia, uongo mzuri kabisa, umeshonwa ukakaa, unamtosha kila mtu... "Unajua kitu inanishangaza," mama anasema, "watu wa hapa wamekuwa wagumu kuelewa, wanakuja, wanakula, nauliza iko sawa, wananiambia tamu sana Mama Yassir, asante Mama Yassir, halafu kesho siwaoni, nasikia wako kwa Pauline hapo ng'ambo wanakula chipsi, Gordon wa bodaboda mwenye alikuwa akikula hapa kila siku ya Mungu, sasa akipita ananisalimia tu, hasimami, nimemkosea nini Gordon?" na Yassir anatazama hoteli, kwa mara ya kwanza anaitazama, meza zilizofutwa, viti vilivyopangwa, saa ya kula hii, saa ambayo zamani watu walikuwa wanakula wamesimama, na hakuna mtu, ni yeye peke yake, alidhani wamemwachia nafasi kwa heshima ya kutoka mbali, mjinga wee... na vitu vinaanza kuja vyenyewe, bila kuitwa, jana alipoingia mlangoni amebeba begi, mama alisema "karibu, kaa popote, samaki iko," kwa sauti ya kumkaribisha mteja, mpaka yeye aliposema mama ni mimi ndipo akapiga kigelegele, na leo alipomnawisha maji yalimwagika kwenye kifundo cha mkono, si viganjani, na yeye akasogeza viganja vikafuata maji bila kufikiri, mtu hufanya hivyo kwa mama yake, na kutikisa kichwa, alitikisa kichwa mara mbili na mama akauliza tena... na Roseline sasa anapita na ndoo, anasema kwa sauti ya chini, si kwa Yassir, wala si kwa mama, kwa ile ndoo pengine, "Mimi nilisema asubuhi wacha mimi nipasue hao samaki," na mama anamkata, "Nyongo haitolewi na kila mkono, Roseline, wewe osha sahani," na Roseline anasema, "Sawa, Mama," anaenda zake, sawa mama, tamu sana mama, asante mama, mji mzima umemeza huu uchungu kwa heshima, ukapangusa mdomo ukavuka barabara, kwa maana nani ana uso wa kumwambia Mama Yassir kwamba samaki wake, samaki aliyemgeuza mtu wa Isiolo, haliki, heshima zao, adabu zao, zimemmalizia hoteli wakimwamkia, na hakuna aliyemchukia hata mmoja, hilo ndilo linaloumiza, kila mtu alikuwa mwema... na yeye alikuwa tayari kuwa mwema kuliko wote, na Chiang Mai yake.

Anatazama macho ya mama, si uso, macho, na kuna ukungu mle, mweupe kama maji yaliyooshewa mchele, tangu lini, aliongea naye kwa simu kila Ijumaa, simu ya picha, alikuwa anaona paji la uso na dari, wakicheka, mama geuza simu, mama sikuoni, na aliyekuwa haoni alikuwa nani... mficha uchi hazai, baba alikuwa akiwaambia wateja waliodai nguo zinawatosha na huku vifungo vinalia, na mama ameficha, au hajui, au anajua na anangoja mtu mmoja tu mwenye ulimi, maana kwa nini anauliza hivyo, tamu ama si tamu, mara ya tatu hii, kwa nini anatabasamu na huku kile kidole gumba kinasugua mpini wa jagi bila kutulia, huyo si mtu anayengoja sifa, sifa amepewa mpaka zimemfilisi... Yassir anaogopa, anaogopa kama alivyoogopa mkekani Migori, mtu mzima, mwenye ndevu zenye mvi, aliyeonja miji yote. Tonge limepoa. Analitafuna, si kwa adabu, analitafuna vizuri, kama kazi, anauacha uchungu upite kila upande wa ulimi, kisha analimeza, na linashuka vibaya, na mama bado amesimama, jagi mkononi, uso juu, ndimu mahali pale pale.

"Mama," anasema, na sauti inayomtoka ni ndogo sana, anaijua ni ya nani. "Nani amepasua nyongo?"

Ng'ambo kwa Pauline mafuta yanachacharika, mtu anacheka. Tabasamu la mama halitoki mara moja, linabaki hapo kidogo, kama mtu aliyesahau kuzima taa.

"Si mimi," mama anasema, upesi.

Halafu anaweka jagi chini, anapapasa kiti mpaka anakipata, anakaa, na ananyoosha mkono kuitafuta sahani, lakini mkono unaenda pembeni kidogo, kwenye meza tupu, na Yassir anamsogezea.