Sheria Aliyoshonewa Absalom

Absalom wa Ruiru alimvunja Jeconia mguu mpira ukiwa umeshaondoka. Naanza hapo kwa sababu watu wengi hupenda kuanza na siku Selpha alipoingia uwanjani, halafu wanamwita mwanamke mbaya. Mimi nilikuwepo siku zote mbili na ndoo yangu ya uji, na nasema habari hii mwanzo wake ni mguu.

Ilikuwa hapa Thika, kwenye kiwanja cha kiwanda cha mananasi, mwaka wa hamsini na tano. Jeconia, mdogo wake Selpha, ndiye aliyekuwa winga wetu. Alipiga krosi, mpira ukaenda zake, na sisi sote tukageuza macho kuufuata. Absalom, hafubeki wa timu ya shamba la kahawa la Ruiru, hakugeuza macho. Siku hizo wengi walicheza miguu mitupu, lakini yeye alikuwa na viatu, na alikanyaga goko la mtoto wa watu kwa kiatu kizima. Refa akasema hakuona kitu, mchezo ukaendelea, na Jeconia tukambeba juu ya mlango uliong'olewa stoo.

Mguu uliunga upande. Kazi yake kiwandani ilikuwa kubeba makreti, na mtu wa mkongojo habebi makreti, kwa hiyo walimwachisha kazi na chumba wakakichukua. Akahamia kwa dada yake, akawa analala nyuma ya pazia na kula chakula cha shemeji yake huku ameinamisha kichwa. Absalom ni mtu wa kwetu vilevile, wa upande wa Bunyore, kule magharibi tulikotoka, na alijua kabisa tunakoishi. Hakuja kusema pole. Hata kutuma mtu hakutuma. Selpha aliingoja hiyo pole mpaka akachoka, na alipochoka akaanza kumchukia Absalom kila siku, kwa utaratibu, pamoja na kazi zake nyingine za nyumbani.

Sasa mumewe, Tobias. Alikuwa beki zamani, mpaka goti likamkatalia. Huo ulikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, na waamuzi wetu wengi walikuwa Wakikuyu, na wengi wao walikuwa wamepelekwa kizuizini. Mechi zikawa zinakosa mtu wa kupuliza. Ofisa wa ustawi, Mzungu mmoja mwembamba, akamwita Tobias, akampa filimbi na kijitabu cha sheria, akamwambia akisome akielewe, kisha atampangia mechi.

Kijitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza. Tobias aliishia darasa la tatu, kusoma kwenyewe kulishamtoka, na Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia tu, lakini aliogopa kusema, asije akanyang'anywa filimbi. Akakileta nyumbani. Selpha alikuwa amemaliza darasa la sita kwa wamisheni, kwa hiyo yeye akawa anasoma kwa Kiingereza na kumwambia mumewe kwa Kiswahili, kila jioni baada ya chakula.

Chumba chao na changu viligawanywa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo na mimi nilisomeshwa. Ofsaidi ndiyo iliyotutesa. Selpha alipanga maharagwe mezani, mekundu timu moja, meupe timu nyingine, na kijiko akakifanya goli.

"Hii nyekundu iko ofsaidi ama haiko?"

"Iko."

"Na mpira iko wapi?"

"Mpira hujaweka."

"Sasa unajuaje iko ofsaidi kama mpira haiko?"

Nilicheka peke yangu gizani. Lakini mtu asiyesoma hutunza mambo kichwani, na Tobias neno likishaingia halikutoka. Alikariri sheria akinyoa ndevu, alikariri akifunga viatu. Alishonesha kaptula nyeusi, akaipiga pasi mwenyewe. Pale kwetu kwenye laini za wafanyakazi watu wakaanza kumwita Refa, na yeye, ambaye tangu goti liharibike alikuwa akitembea akitazama chini, akaanza kutembea akitazama mbele. Mechi ndogo za majaribio akazipuliza vizuri, bila lawama.

Asubuhi moja tulikuwa mferejini, mimi na Selpha, tunakinga maji.

"Mama Barasa," akaniambia, "ile timu ya Ruiru, Tobias amepewa mechi yao na watu wa mkonge wa Ngoliba. Na mimi nimemshonea Absalom sheria yake."

Nikamuuliza sheria inashonwaje. Akanieleza bila haraka. Absalom ana tabia yake, kila mtu anaijua: mechi ikianza tu humwendea refa, humtia mkono begani, humnong'onezea na kucheka naye, na ikifika mapumziko refa ameshakuwa rafiki yake. Basi Selpha alipofika sheria ya kumi na mbili, ile ndefu ya makosa na utovu wa adabu, alimsomea mumewe yote kama ilivyo, kisha akaongeza ya kwake. Mchezaji atakayemwekea refa mkono, iwe kwa hasira au kwa mapenzi, atatolewa nje bila kuonywa. Na Tobias alikwisha kuishika.

"Kwa kitabu iko?" nikauliza.

"Iko pale nimeiweka."

Nilicheka mpaka debe likafurika. Sikumwambia mtu yeyote. Kama unatafuta mtu wa kusema kwamba nilipaswa kumkanya, tafuta nyumba nyingine, kwa sababu mimi nilimwona Jeconia akijifunza upya kuchuchumaa.

Siku ya mechi tulipanda lori la kiwanda hadi Ruiru. Jeconia hakutaka kuja, Selpha akamlazimisha. Uwanja ulikuwa katikati ya kahawa, na watu wa shamba walikuwa wamejaa pande zote, wachumaji na watoto wao, na wengine wamesimama juu ya meza za kuanikia. Tobias alitoka na kaptula yake nyeusi, akarusha sarafu, akapuliza. Nasema kweli, alipendeza.

Absalom siku hiyo hakumgusa. Labda aliambiwa kwamba refa mpya ni mkali. Alicheza mikono nyuma kama mwanafunzi wa Sunday school, akaitikia kila filimbi, akarudisha mpira mwenyewe ulipotoka. Mapumziko yakaja na hakuna kitu. Selpha alikuwa ameketi kando yangu akikata nyasi vipande vidogo vidogo kwa kucha. Alikuwa amesafiri na chuki yake mpaka pale na sasa haikuwa na pa kutua.

Kipindi cha pili kilipokuwa kimekolea, mpira ukapigwa mrefu kwenda upande wa Ruiru. Tobias akageuka kuukimbilia, mguu ukaingia katika shimo, lile goti bovu likakunjika, naye akaanguka kifudifudi na filimbi mdomoni. Uwanja mzima ukacheka, wa Ruiru na wa Ngoliba. Mtu mmoja tu hakucheka. Absalom aliacha mpira upite, akakimbia, akamshika Tobias kwapani akamwinua, akamfuta vumbi kifuani na magotini, akamuuliza kama ameumia.

Tobias akasimama. Nilimwona akitaka kusema asante. Kisha uso ukabadilika, maana sheria ilimjia, nzima, kama alivyoikariri. Akapuliza. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kahawa.

"Toka nje," akasema. "Umenigusa."

Absalom alidhani ni mzaha. Tobias akaisema sheria neno kwa neno, kwa sauti, iwe kwa hasira au kwa mapenzi, atatolewa nje bila kuonywa. Wachezaji wakawazunguka, watu wakapiga kelele, yeye hakutingishika. Alisema hata yeye ameona alisaidiwa, lakini sheria ni sheria. Mwisho Absalom akainamisha kichwa akaanza kutoka, mbele ya watu wake, mbele ya mkewe na watoto, polepole. Selpha alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. "Anatoka," akasema. "Mwangalie, anatoka." Na mimi nikamwangalia, na ilikuwa tamu. Sitasema haikuwa tamu.

Hapo akaingia Philip, karani wa shamba na katibu wa timu ya Ruiru, mtu wa miwani. Akamwomba Tobias kile kijitabu, kilichokuwa mfukoni mwake wa nyuma. Akafungua, akasoma sheria ya kumi na mbili kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kila mtu akisikiliza. Mkono wa mapenzi haukuwemo.

"Labda mimi ndiye sikuona," Philip akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi. Akampa kitabu. "Bwana refa, tusomee wewe."

Tobias alikishika kitabu. Akatazama ukurasa. Akafungua mwingine, akarudi. Kisha akainua macho akatazama upande wetu, akamtazama Selpha, na nikaona vile alivyoelewa. Ilimchukua muda mfupi sana.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilisoma vibaya."

"Basi soma sasa," mtu akapaza sauti, na wakaanza kucheka tena, zaidi ya walivyocheka alipoanguka. Refa hajui kusoma. Refa anajitungia sheria. Tobias alisimama katikati yao na kitabu mkononi na hakumtaja mkewe.

Selpha akainuka. Nilimvuta nguo, akaitoa mikononi mwangu. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, mwanamke peke yake kati ya wanaume wenye jasho, na kicheko kikafa kidogo kidogo.

"Hiyo sheria ni yangu," akasema. "Nimetunga mimi, nimemdanganya bwana yangu. Karani amesoma vizuri, kwa kitabu haiko. Na mguu ya ndugu yangu kwa kitabu iko wapi? Huyu Absalom alimvunja Jeconia na mpira imeenda. Hakuna refa aliona. Hakuna mtu alisema pole. Na nyinyi watu wa Ruiru, yule alinunua uji kwa Mama Barasa ndiye aliniambia: Absalom alirudi hapa akachukua muwa, akaivunja na goti mbele yenu, akawaonyesha vile mfupa ililia. Mkacheka."

La muwa sikuwa nimelijua. Mnunuzi wangu alimwambia Selpha nyuma ya mgongo wangu, na Selpha alikaa nalo mwaka mzima.

Akageuka. "Jeconia, inuka wakuone."

Jeconia hakuinuka. Alivuta suruali akafunika mguu, akatazama kando, na kwa kufanya hivyo kila mtu akauona. Absalom alikuwa amesimama kwenye mstari, nusu ndani nusu nje. Mama mmoja mzee wa Kikuyu, mchumaji, akamuuliza kama ni kweli alivunja muwa. Absalom akatazama viatu vyake.

Kisha mahali fulani kati ya wachumaji mtu akavunja kijiti. Tak. Mwingine akavunja. Matawi makavu ya kahawa hayakosekani shambani, na kabla Philip hajasema neno uwanja wote ulikuwa ukilia tak, tak, tak, na Absalom katikati yake, na waliovunja ni watu wake mwenyewe, na mkewe akiwakusanya watoto waondoke.

Mechi ilimaliziwa na Philip. Absalom alirudishwa ndani, kwa kuwa hakuwa na kosa, lakini kila alipogusa mpira vijiti vilivunjika. Habari ilisafiri mbali kuliko sisi. Kila kiwanja alichokwenda baada ya hapo, Thika, Ngoliba, hata Nairobi, walimngojea na vijiti. Kabla ya mvua ndefu alikuwa ameacha mpira, na baadaye tukasikia amehamia mashamba ya chai huko Kericho. Selpha alinipa habari hiyo mferejini. "Nimeshiba," akasema, na alionekana ameshiba kweli, na mimi nilifurahi pamoja naye.

Tobias alirudisha filimbi kwa ofisa wa ustawi. Hakumpiga mkewe, hakumfokea, hakumrudisha kwao. Anakula chakula chake na kusema asante. Ile kaptula nyeusi alimpa mtu wa kufyeka nyasi. Selpha hajamwomba msamaha kwa sababu, anavyosema, akipewa kitabu kile leo ataongeza tena. Nami namwamini.

Ila Jumapili iliyopita Tobias alikuja mlangoni kwangu na barua ya mama yake kutoka nyumbani. Selpha alikuwa nje akifua, hatua chache tu, akamwona akipita nayo. Nikaisoma kwa sauti. Mama yake alisema mahindi yamekauka, na kwamba anaumwa kifua, na kwamba anamsalimu mkaza mwanawe.

"Soma tena hapo kwa kifua," akasema.

Nikasoma tena.

"Ndivyo imeandikwa?"

"Ndivyo."

"Na wewe hujaongeza?"

Nikamwambia sijaongeza. Alinitazama bila ubaya, akaikunja barua akaitia mfukoni. Kisha akampita mkewe pale kwenye karai, akaenda kumtafuta mtu mwingine wa kumsomea.