Meno ya Robine

Honorine alivuka daraja la Rusizi na mpira wa maji umemzunguka bega na kiuno kama chatu, na alipokuwa akishuka kwenye pikipiki kule Nkanka, upande wa Rwanda, nusu ya kilima ilikuwa imeshajua kwamba kwa Mukabera leo kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Robine ya nje, yaani bomba la maji, ilikuwa imefungwa majuzi kwenye ukuta wa nyumba ya Mukabera, na maji yalikuwa yakitoka kweli. Lakini karoti na lengalenga zake, mchicha wa huku, ziko chini, kwenye matuta yanayoteremka kuelekea ziwa Kivu, na kiangazi kilikuwa kimekwisha kuyafanya majani yawe kama karatasi. Mukabera alikulia Bukavu kabla ya kurudi Rwanda na mama yake, Nyiraneza. Honorine, rafiki yake wa tangu usichana, alibaki kule Bukavu, na biashara yake ni ya kuvuka mpaka kila asubuhi. Ndiye aliyeagizwa mpira.

"Maman Isimbi, kuya tufunge hii kitu!" aliita Honorine, akimtaja Mukabera kwa jina la mwanawe, kabla hata ya kusalimia.

Mpira ulikuja na rakori yake, kile kichwa cha kuunganishia. Mukabera alikishika, akakipeleka kwenye mdomo wa robine, akazungusha. Hakikuvaa. Kilikuwa kidogo kwa robine, kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba yake.

"Kaza kidogo," alisema Honorine.

"Nikaze nini? Haiingiye hata kidogo."

Wakaing'oa rakori kutoka kwenye mpira. Wakachovya ncha ya mpira katika maji ya moto mpaka ikalainika, wakaivuta kwa nguvu juu ya mdomo wa robine, wakaifunga kwa ukanda wa tairi. Mukabera akafungua. Mpira ukatetemeka, ukavimba, kisha ukaruka kutoka ukutani, na maji yakawapiga wote wawili kifuani. Honorine alikaa chini kwenye tope akacheka mpaka machozi.

Nyiraneza, ambaye macho yake yameingia ukungu miaka hii, aliuliza kutoka mlangoni, "Kuko nini?"

"Maji imetushinda, Mama," alijibu Mukabera.

Alichukua kipande cha sabuni ili aondoe tope kwenye kitenge chake. Alipoinama kukinga maji, sabuni ikagonga mdomo wa robine. Aliitazama, akaacha kufua. Kwenye ubavu wa sabuni ilikuwa imebaki mistari midogo, iliyolala sambamba, safi kuliko mistari ya kitana. Akafunga maji, akaikandamiza tena, safari hii kwa makusudi, polepole. Hesi zote za robine, ile mikato ya kuzungushia, zikahamia kwenye sabuni.

"Maman Reine, angalia," alimwambia Honorine.

Honorine aliinama. Hakucheka tena. "Iko na meno," alisema.

Waliifunga sabuni katika kitambaa chenye unyevu, wakapanda pikipiki mpaka Kamembe, kwenye duka la vifaa la mzee mmoja aitwaye Akilimali. Mukabera aliiweka sabuni juu ya meza, akaona aibu kidogo, maana hakuna mtu anayeingia dukani kununua chuma kwa sabuni. Lakini Akilimali aliivuta karibu na dirisha, akaitazama kwa muda.

"Hii njo robine yenu?"

"Njo yenyewe, Mzee. Tumeiacha ukutani."

Akilimali alishusha sanduku la vipande vya shaba na plastiki. Alichagua kipande dume, chenye meno ya nje kama ya robine, akakilaza kwenye alama za sabuni. Kwa upana kilikuwa sawasawa. Mukabera akatabasamu. Lakini mzee alitikisa kichwa.

"Usiangalie upana tu, maman. Angalia meno. Ya hii iko mbalimbali. Ingeingia muzunguko moja, kisha ingekwama, na ukilazimisha, unaharibu robine."

Mukabera alisogeza jicho. Kweli, jino la kwanza lilikaa mahali pake, la pili likaanza kukosea, na la tatu lilikuwa limepanda juu ya ukingo.

Akilimali alichukua kipande kingine. "Robo tatu ya inchi," alisema, akakilaza. Hakukandamiza. Kipande kilizama chenyewe katika sabuni, kila jino katika mfereji wake, na hapakubaki nafasi hata ya unywele.

Mukabera aliinua macho kwa mzee.

"Robine yangu ilitengenezewa wapi, Mzee?"

"Sijui. Mbali. Na hii nayo mbali kwingine."

"Na bale batu banajuana?"

"Banajuana wapi! Hata luga yao si moja."

Mukabera alikigusa kile kipande kwa ncha ya kidole. Watu wasiojuana, kila mmoja kwenye mashine yake, upande wake wa dunia, walikata chuma wakiamini kwamba siku moja, mahali wasipopafahamu, vipande vyao vitakutana. Na vimekutana kwenye sabuni yake ya kufulia.

Mzee aliwapa rakori jike ya kuvaa meno hayo, mkia wake ukiingia sawasawa katika mpira wao, na kijipete cha mpira cha kukaa ndani ili maji yasivuje.

Nyumbani Mukabera aliikaza kwa vidole tu. Ilizunguka laini, bila kukwaruza, mpaka ikasimama yenyewe. Akafungua. Hapakuanguka tone kwenye kiungo, akafunga tena.

Wakampeleka Nyiraneza bustanini taratibu, Honorine akimshika mkono, wakamkalisha ukingoni mwa tuta na kumpa mpira aushike. Mukabera akapanda kufungua robine. Nyiraneza alipousikia mpira ukijaa na kuwa mgumu kiganjani mwake, alishtuka, kama aliyeshika kitu chenye uhai. Kisha maji yakatoka.

Yalianguka juu ya karoti, udongo ukatoa harufu ya mvua ilhali mbingu ilikuwa tupu. Bibi kizee aliweka mkono mwingine mbele ya maji.

"Nani ameileta?"

"Hakuna, Mama. Imekuja yenyewe," alisema Mukabera, aliyekuwa ameshashuka.

"Hakuna muntu amebeba?"

"Hakuna."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja, Mama."

Nyiraneza alikaa akiyasikiliza. Alichota maji ziwani tangu alipokuwa msichana, upande ule na upande huu, akipanda nayo milima yote miwili. Sasa aliuinua mpira polepole, akauelekeza utosini, pale ambapo ndoo zilikuwa zikikaa, akafumba macho, akaacha maji yamwagike.

Mukabera alikuwa amekwisha kuanza kurudi juu akafunge robine, maji yasipotee bure. Akasimama njiani, akageuka, akaiacha robine wazi, akashuka tena.